Jicho Ambalo Takwimu Hazilioni

Mwaka 2006 Rwanda ilichora upya ramani yake ya utawala. Mkoa wa zamani wa Gisenyi ulivunjwa, Wilaya ya Rubavu ikazaliwa ndani ya Mkoa mpya wa Magharibi, na Gisenyi likabaki jina la mji ulioshikana na Goma mpakani, Ziwa Kivu likiwa upande mmoja na volkano ya Nyiragongo ikionekana ng'ambo. Mwaka huohuo timu ya wapimaji ilizunguka vijiji vya mkoa huo ikitafuta watu wasioona. Utafiti uliongozwa na Wanjiku Mathenge, daktari wa macho kutoka Kenya, akishirikiana na John Nkurikiye, daktari wa macho Mnyarwanda. Walipimwa watu 2,206, wote wa miaka 50 na kuendelea. Vipofu walikuwa asilimia 1.8, na karibu theluthi mbili ya hao walipofushwa na mtoto wa jicho, ugonjwa unaoondolewa kwa upasuaji mfupi.

Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2007, ulifanya kazi kubwa. Ulionyesha kwamba upofu mwingi wa magharibi ya Rwanda ungeweza kuzuilika, na ukawapa wapangaji wa afya namba za kusimamia katika nchi iliyokuwa bado inajijenga baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994. Lakini kwa jinsi tafiti za aina hiyo zinavyopangwa popote duniani, yuko mtu asiyeweza kuonekana ndani yake: mtoto wa miaka mitano ambaye jicho lake moja ni zima na la pili halifanyi kazi. Kwanza umri wake haumo. Pili, na hili ndilo zito zaidi, upofu huhesabiwa kwa jicho lenye nafuu. Ukiona vizuri kwa jicho moja, wewe si kipofu, hata kama la pili limelala tangu utotoni.

Hali hiyo madaktari huiita ambliopia, na kwa Kiswahili wengi husema jicho vivu. Jicho lenyewe ukilitazama huna utakachokikuta kimeharibika. Kasoro iko kwenye ubongo, ambao katika miaka ya mwanzo ya uhai hujifunza kuona kama unavyojifunza kusema. Macho mawili yakileta picha zisizolingana, ubongo huchagua iliyo bora na kuizoea, na ile nyingine huitupa. Zipo njia tatu za kufika hapo. Ya kwanza ni makengeza. Ya pili ni tofauti kubwa ya namba za miwani kati ya jicho moja na jingine, ambayo ni ya siri kuliko zote kwa sababu uso wa mtoto hauonyeshi lolote. Ya tatu ni kuzibwa kwa jicho, kwa kope iliyoanguka au kwa mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao. Tafiti nyingi duniani hupata kati ya mtoto mmoja na wanne katika kila mia. Kadhaa za Afrika zimepata pungufu ya hapo. Hata kwa kadirio la chini, ukijaza uwanja wa shule kubwa ya msingi mjini Gisenyi, hutakosa watoto wa aina hiyo, na wengi wao hawajui, kwa sababu hawajawahi kuona kwa namna nyingine.

Siku hizi wazazi wenye simu wanasikia kwamba jicho hilo linatibiwa kwa mchezo wa simu. Habari hiyo ina ukweli ndani yake, na ili kuupima ukweli huo inabidi turudi nyuma sana.

Dawa kongwe ya jicho vivu ni kuliziba lile zima. Karne ya 7 tabibu wa Kigiriki Paulo wa Aegina alishauri watoto wenye makengeza wavalishwe barakoa yenye matundu ili macho yalazimike kutazama mbele. Lakini anayetajwa mara nyingi kuwa wa kwanza kuandika juu ya kuliziba jicho zima ili lile lililopotoka lifanye kazi ni Thabit ibn Qurra, mwanazuoni wa Harran aliyefanya kazi Baghdad na kufariki mwaka 901. Baada yake Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mnamo 965, alichambua katika Kitab al-Manazir namna picha za macho mawili zinavyoungana kuwa moja. Mmoja alishika tiba na mwenzake akashika nadharia, na mambo hayo mawili hayakukutana ipasavyo kwa karibu miaka elfu moja.

Ulaya ilirudia kwa njia yake. Mwaka 1583 Georg Bartisch wa Dresden alichapisha kitabu kikubwa cha macho chenye michoro ya barakoa za makengeza. Mwaka 1743 Buffon, yule mwanasayansi wa viumbe wa Ufaransa, alitoa hoja iliyosogeza elimu mbele: makengeza mengi hutokana na macho kutokuwa na nguvu sawa, kwa hiyo jicho lenye nguvu lifunikwe kwa muda ili dhaifu lipate zoezi. Mwaka 1778 Erasmus Darwin, babu yake Charles Darwin, alieleza habari za mvulana ambaye alimwona kwa mara ya kwanza akiwa na miaka mitano. Alimtengenezea kipande cha shaba nyembamba kinachochomoza juu ya pua, ili kila jicho lilazimike kutazama vilivyo upande wake. Namfikiria mtoto huyo akitoka nje na shaba usoni mbele ya wenzake. Katika historia yote ya tiba hii mzigo wa aibu umekuwa wa mtoto, na pale tiba iliposhindwa, mara nyingi ni kwa sababu mtoto aliivua.

Karne ya 19 ndipo mchezo ulipoingia. Mwaka 1838 Mwingereza Charles Wheatstone alieleza kifaa chake cha vioo, stereoskopu, kinachoonyesha kila jicho picha yake na kuacha ubongo uziunganishe. Mfaransa Émile Javal aliona ndani yake mlango wa tiba. Dada yake Sophie alikuwa na makengeza, na Javal akaanza kumfundisha kwa kadi za picha: nusu ya umbo kwa jicho hili, nusu kwa lile, mpaka ubongo ukubali kuyatumia yote mawili. Mazoezi yalidai uvumilivu wa miezi na miaka. Matokeo ya maisha yake ya kazi aliyaandika katika kitabu cha makengeza cha 1896, na kabla ya kufariki mwaka 1907 yeye mwenyewe alipofushwa na glakoma. Ukiuondoa umeme, mchezo wa tableti wa leo ni kadi za Javal zilizopata mwendo.

Mwaka 1903 Claud Worth wa London alichapisha kitabu cha makengeza kilichosomwa na madaktari kwa miongo mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1920, pia London, Mary Maddox alikuwa akifundisha watoto mazoezi ya macho hospitalini, na kazi yake ikawa taaluma kamili, orthoptiki. Taaluma hiyo ilipokuwa inazaliwa Ulaya, mji wa Gisenyi ulikuwa unabadilisha mabwana. Mpaka wa Wajerumani na Wabelgiji hapa Kivu ulikubaliwa mwaka 1910 tu, na vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha Rwanda yote ikawa mikononi mwa Ubelgiji. Wamisionari waliofika Nyundo, jirani na Gisenyi, mwaka 1901 walikuja na shule na zahanati, lakini tiba ya zama hizo ilishughulika na magonjwa ya kuua na ya kuzuia watu wasifanye kazi: ndui, malale, buba. Jicho la upande mmoja la mtoto halikuwa hoja kwa mtu yeyote. Siwalaumu waganga wa zahanati zile kwa hilo. Ila desturi ya kutolihesabu ilianzia hapo na ikaendelea baada ya bendera kubadilika mwaka 1962.

Sababu ya kuharakisha ilithibitishwa maabara. Kuanzia miaka ya 1960 David Hubel na Torsten Wiesel, wakifanya kazi Harvard, walishona kope za jicho moja la paka wachanga kwa wiki kadhaa kisha wakalifungua. Jicho lilikuwa zima, lakini seli za ubongo zilizopaswa kulisikiliza zilikuwa zimehamia kwa jirani yake. Walipofanya hivyohivyo kwa paka wakubwa, hakuna kilichobadilika. Walishiriki Tuzo ya Nobel ya 1981 kwa uvumbuzi wao kuhusu kuona. Kazi hiyo iliwapa madaktari dirisha la muda: miaka saba au minane ya mwanzo ndiyo yenye faida kubwa, na kila mwaka unaopita unapunguza mavuno. Dirisha hilo halifungwi ghafla. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2005 lilihusisha watoto 507 wa miaka 7 hadi 17. Kwa wale wa miaka 7 hadi 12, asilimia 53 ya waliotibiwa kwa miwani pamoja na kuziba jicho na dawa ya atropini walipata nafuu, ilhali kwa waliopewa miwani peke yake walikuwa asilimia 25. Kwa hiyo mzazi wa mtoto wa miaka tisa aliyeambiwa amechelewa hana sababu ya kurudi nyumbani mikono mitupu.

Chuo Kikuu cha Cambridge ndicho kilichotoa onyo la mapema kuhusu mashine. Mwaka 1978 Fergus Campbell na wenzake, akiwemo kijana Robert Hess, walitangaza tiba mpya: mtoto anaziba jicho zima kwa dakika saba hivi huku akichora juu ya kioo ambacho nyuma yake linazunguka duara la mistari myeupe na myeusi. Matokeo ya kwanza yalisisimua dunia ya macho, na vifaa vikanunuliwa. Kisha yakafanyika majaribio yenye kundi la kulinganisha, ikaonekana kwamba duara lisilo na mistari lilisaidia vilevile. Kilichokuwa kinatibu ni ule muda wa kuziba jicho na kukaza macho kwenye mchoro.

Hess hakukata tamaa. Miongo mitatu baadaye, akiwa Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, aliongoza kundi lililorudi kwenye wazo la Javal kwa zana mpya. Hoja yao ilikuwa nzito: jicho vivu ni ugomvi wa macho mawili, na ugomvi hauishi kwa kumfunga mmoja kamba. Inabidi yafundishwe kushirikiana. Wakachukua Tetris, ule mchezo wa matofali yanayoanguka, wakaugawa. Mchezaji huvaa miwani yenye kioo chekundu upande mmoja na kijani upande wa pili. Tofali linaloanguka linaonekana kwa jicho dhaifu tu, kwa rangi kali. Matofali yaliyokwisha kujipanga chini yanaonekana kwa jicho lenye nguvu tu, lakini yamefifishwa, pengine hadi ukali wa asilimia 20. Huwezi kushinda kwa jicho moja. Mchezaji akifaulu, picha ya jicho zima huongezwa ukali kidogo kidogo, mpaka siku macho yote mawili yaone sawa. Mwaka 2011 wenzake Hess walionyesha kwamba mchezo huo unaweza kuingia kwenye kifaa cha mfukoni, na mwaka 2013 matokeo ya watu wazima 18 yalisambaa kwenye magazeti ya dunia nzima. Uingereza nako, mjini Nottingham, kundi jingine lilikuwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 likijaribu michezo na video za macho mawili.

Kisha likaja jaribio kubwa. Mwaka 2016 mtandao wa Marekani wa watafiti wa macho ya watoto ulitangaza matokeo ya watoto 385 wa miaka 5 hadi chini ya 13. Nusu walipewa mchezo wa tableti kwa saa moja kila siku, nusu wakaziba jicho kwa saa mbili. Baada ya wiki 16 waliocheza walisogea mstari mmoja hivi kwenye chati ya kusomea, na walioziba wakawatangulia kidogo. Wengi hunukuu hapo wakaishia. Namba iliyonigusa mimi ni nyingine: ni asilimia 22 tu ya watoto wa mchezo waliofikisha zaidi ya robo tatu ya muda walioandikiwa. Walichoka. Mchezo uliotungwa ili usichoshe ulichosha, kama kitambaa, kama shaba ya Darwin. Mwaka 2018 jaribio jingine, la mchezo wa matofali yaleyale, halikuonyesha faida yoyote juu ya mchezo wa bandia uliowekwa kwa kulinganisha.

Wahandisi wakajifunza kutokana na hilo. Badala ya mchezo mmoja, wakaweka vipindi vya televisheni na katuni anazozipenda mtoto mwenyewe, vikarekebishwa papo hapo kwa kila jicho. Oktoba 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha mfumo wa Luminopia, unaotumia kofia ya uhalisia pepe, kwa watoto wa miaka 4 hadi 7. Katika jaribio lake la watoto 105, waliotazama saa moja kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa wiki 12, walisogea mistari 1.8, waliovaa miwani peke yake walisogea 0.8. Mwaka 2022 uliidhinishwa mfumo wa CureSight wa kampuni ya NovaSight, wenye kamera inayofuatilia mboni za mtoto na kutia ukungu mahali hasa panapotazamwa na jicho zima. Kwa hiyo tiba ya skrini si porojo. Ikifanywa vizuri inasaidia, na kwa watoto wanaokataa kabisa kuzibwa jicho ni mlango wa heri.

Sasa tuurudishe mkoba huu wote Rubavu.

Rwanda ina mahali pa kuanzia ambapo majirani wake wengi hawana. Bima ya afya ya jamii, mituweli, ilienea nchi nzima katikati ya miaka ya 2000. Kati ya 2012 na 2017 shirika la Vision for a Nation, lililoasisiwa na mfadhili wa Hong Kong James Chen, lilishirikiana na Wizara ya Afya kufundisha zaidi ya wauguzi 2,500 kupima macho, katika vituo vyote vya afya vya nchi, ambavyo ni zaidi ya 500. Mama wa Byahi, Nyundo au Mudende hakulazimika tena kusafiri hadi Kigali au Kabgayi ili macho yake yatazamwe kwa mara ya kwanza. Mathenge mwenyewe alihamia Rwanda, akaasisi pamoja na Nkurikiye taasisi inayofundisha madaktari bingwa wa macho mjini Kigali. Na Machi 2013 Rwanda ilitangulia nchi zote za kusini mwa Sahara zinazosaidiwa na GAVI, muungano wa kimataifa wa chanjo, kuanza chanjo ya surua na rubela. Wachache huihesabu chanjo hiyo kuwa kazi ya macho, lakini rubela ya mama mjamzito huzaa mtoto mwenye ukungu machoni, na ukungu huo ndio chanzo cha jicho vivu lililo baya kuliko yote.

Pengo liko baada ya hatua ya kwanza. Miwani ya kusomea, ambayo muuguzi anaweza kuitoa kituoni, humfaa mwalimu wa miaka 50. Haimsaidii mtoto ambaye jicho lake la kulia lina namba moja na la kushoto lina nyingine, au lenye astigmatizimu. Lenzi ya jicho la mtoto ina nguvu ya kujikaza na kumdanganya mpimaji. Ili kuipata namba ya kweli lazima jicho lilegezwe kwa matone, apimwe na mtu aliyesomea, kisha vioo vikatwe kwa ajili yake peke yake, katika fremu inayokaa kwenye pua ndogo. Na miwani hiyo ni nusu ya tiba, pengine zaidi. Utafiti wa Marekani wa 2006 ulipata kwamba zaidi ya robo ya watoto wenye jicho vivu la tofauti ya namba walipona kwa miwani tu, bila kuzibwa jicho wala mchezo. Mtoto asiye na miwani sahihi akipewa mchezo wa skrini anafundishwa kuona picha yenye ukungu.

Kuna na suala la simu yenyewe. Gisenyi ni mji wa mpaka. Wanawake wanaovusha mboga, nyama na maziwa kwenda Goma wanaishi kwa simu: humo mna oda, humo mna pesa za kutumiana, humo mna habari za kama mpaka umefunguliwa asubuhi hii. Saa moja kila siku ya simu hiyo mikononi mwa mtoto, kwa wiki 12 au 16, ni gharama halisi kwa familia, hata programu yenyewe ikitolewa bure. Kwenye nyumba nyingi simu ni ya kawaida, isiyo na skrini ya kuchezea. Shule zilipokea kompyuta nyingi tangu mpango wa kompyuta moja kwa kila mtoto uanze mwaka 2008, zaidi ya laki mbili nchini kote, na darasa lingeweza kuwa mahali pa mazoezi, lakini mtoto wa shule ya msingi ameshafikia ukingo wa lile dirisha la miaka saba. Tena Rwanda imeonja ladha ya huduma ya afya inayotegemea kampuni ya mbali. Babyl, iliyokuwa ikiwaunganisha wagonjwa na madaktari kwa simu tangu 2016, ilifungwa mwaka 2023 kampuni mama yake ya Uingereza ilipoporomoka. Mtoto aliye katikati ya tiba ya macho hawezi kusubiri mwekezaji mwingine apatikane.

Mahali simu ilipokwisha kujithibitisha Afrika Mashariki ni kwingine, nako ni kumtafuta mtoto na kumfikisha hospitali. Hadithi hiyo nayo inapita kwa Mathenge. Alikuwa ameongoza uchunguzi mkubwa wa macho Nakuru, Kenya, mwaka 2007 na 2008. Daktari Mwingereza Andrew Bastawrous aliwafuata tena watu walewale mwaka 2013 na 2014, na akiwa huko akajaribu programu ya simu ya kupimia uwezo wa kuona, Peek. Herufi E moja huonekana kwenye skrini. Anayepimwa huonyesha kwa mkono upande ambao matawi matatu ya herufi hiyo yameelekea, na mpimaji husogeza kidole kwenye skrini kufuata mkono huo bila kuitazama herufi. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2015, yalilingana na ya chati za kawaida.

Kisha Hillary Rono, daktari wa macho wa Kitale, akaipeleka shuleni. Shule 50 za Trans Nzoia, watoto zaidi ya 20,000, walimu wakiwa ndio wapimaji. Katika nusu ya shule, mtoto aliyeshindwa kipimo alipewa barua ya karatasi ya kwenda hospitali, kama desturi. Katika nusu nyingine mwalimu alitumia simu, mzazi akapelekewa ujumbe mfupi, na akaonyeshwa picha iliyotiwa ukungu kiasi kilekile anachokiona mwanawe. Waliofika hospitali kwa karatasi walikuwa asilimia 22. Kwa simu, asilimia 54. Hilo ndilo tokeo kubwa zaidi la simu na macho ya watoto ambalo ukanda wetu umelitoa, na ninaliona kubwa kuliko mistari yote iliyopatikana kwa michezo, kwa sababu mtoto asiyefika hospitali hana anachosogea.

Kuchelewa kwetu kuna kipimo. Watafiti wa Moshi, Tanzania, waliangalia watoto 178 waliofika hospitali ya KCMC kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Katika ripoti yao ya 2005, wastani wa muda kati ya siku mzazi alipogundua tatizo na siku ya kufika hospitali ulikuwa miezi 34. Karibu miaka mitatu, kwa ugonjwa unaoonekana kwa macho, mboni ikiwa nyeupe! Kwa jicho vivu la tofauti ya namba, ambalo hakuna anayeliona, hakuna siku ya kugundua mpaka mtu apime.

Na kupima hakuhitaji mengi. Muuguzi humsimamisha mtoto penye alama sakafuni, humpa kadi yenye E kubwa aizungushe kufuata ile ya ukutani, kisha humfunika jicho moja. Hapo ndipo kazi ilipo. Mtoto akifunikwa jicho vivu, hutulia na kuendelea. Akifunikwa lile zima, huinamisha kichwa, huchungulia pembeni mwa kiganja, huusukuma mkono, wengine hulia. Kiganja cha mtoto kina mianya kati ya vidole, kwa hiyo ni heri muuguzi atumie plasta au kadi ngumu. Kwa wachanga wasioweza kusimama, mwanga mdogo wa ofthalmoskopu, kifaa cha kutazamia ndani ya jicho, huonyesha mng'ao mwekundu ndani ya mboni. Uchunguzi wa Kilimanjaro uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba wahudumu wa kliniki za mama na mtoto wanaweza kuufanya. Kliniki za aina hiyo Rubavu zinajaa kila wiki ya chanjo. Mtoto wa miezi 15 anayeletwa kwa dozi ya pili ya surua na rubela tayari yuko mapajani mwa mama yake, mbele ya muuguzi.

Baada ya kumpata, na baada ya miwani, tiba inayoifaa Rubavu kuliko zote naamini ni tone la atropini. Huwekwa kwenye jicho zima, likapoteza uwezo wa kuona vya karibu kwa muda, na jicho vivu likalazimika kufanya kazi. Mwaka 2002 jaribio la Marekani la watoto 419 liliipata kuwa sawasawa na kuziba jicho baada ya miezi sita, na mwaka 2004 ikabainika kwamba tone la Jumamosi na la Jumapili linatosha kama la kila siku kwa wenye hali ya wastani. Halionekani usoni, halichekwi shuleni, halihitaji chaji. Lina masharti yake: aliandike daktari, chupa iwekwe mbali na watoto kwani ni sumu ikinywewa, na mtoto atasumbuliwa na jua kali. Kwa mwenye hali mbaya zaidi, plasta ya kuziba jicho bado ina nafasi. Utafiti wa EuPatch wa nchi kadhaa za Ulaya, uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2024 na kuhusisha watoto 334, uliona kwamba kuanza kuziba jicho mapema, wiki tatu baada ya miwani, kunashinda kusubiri miezi.

Simu ya mama iingie hapo, hata ile ndogo isiyo na skrini kubwa. Ujumbe wa Jumamosi asubuhi kwa Kinyarwanda au Kiswahili kwamba leo ni siku ya tone, na mwingine wa kumkumbusha tarehe ya kurudi, unatumia njia ileile iliyozidisha mara mbili mahudhurio ya Kitale. Mchezo wa macho mawili nao upokelewe utakapokuja kwa bei ya kawaida na uwezo wa kufanya kazi bila intaneti, uwekwe kituoni kwa ajili ya wale ambao tone na plasta vimewashinda. Mtoto akirudi baada ya miezi mitatu, muuguzi ampime tena kila jicho peke yake, na kwenye daftari la kituo aandike namba mbili, ya kulia na ya kushoto, hata kama mtoto anasoma ubaoni bila shida na hakuna aliyelalamika.